Mtani Achote Mwisho

Jumamosi, tarehe 16 Novemba. Jua tangu asubuhi, na upepo wa vumbi unaozungukazunguka hapa Mkomaindo, Masasi, kama mtu aliyesahau alichokijia. Adhuhuri likatokea wingu upande wa Newala, jeusi, zito, la kuaminika kabisa. Likakaa pale mpaka majirani wakaanza kuanua nguo, kisha likaenda zake. Nguo zikaanikwa tena. Mvua bado.

Leo nilikuwa nangoja simu kutoka Kitangari, na kwa kuwa kungoja huku mikono imekaa bure ni kazi ngumu, nimeona niandike. Sijui kama nitaandika vizuri. Shule niliishia kidato cha pili, na hata hicho cha pili sikukimaliza kwa kishindo.

Mimi ni mtu wa kibanda. Nachaji simu, nauza vocha, natoa fotokopi siku ambayo mashine imeamka vizuri. Kutengeneza programu za kompyuta nilijifunza humohumo kibandani kwa simu yangu, wateja wakiwa hawapo, kwa hiyo nilipata muda mwingi sana wa kujifunza. Baadaye nikapata kompyuta ya mtumba, na mume wangu akaanza kuwaambia watu kwamba mke wake ni mtaalamu. Sikumkatalia. Hilo ndilo kosa la kwanza, ingawa kwa haki niseme na yeye angeweza kunyamaza.

Shangazi yangu anakaa Kitangari. Sisi ni Wamakua wa Chiungutwa, na kwa desturi yetu mwanamume ndiye huhamia kwa mke. Lakini yeye alipenda Mmakonde, akapanda juu kule kusiko na mto wala kijito, na watu wa kwetu wakasema atakufa kiu. Hakufa. Mumewe ndiye aliyetangulia, akamwachia nyumba ya bati, mikorosho nyuma ya nyumba, na majirani ambao wote ni watani zake. Bomba lilipofika, maji yakawa yanasukumwa kutoka bondeni hadi kwenye tangi la kijiji, na kila mtu akaona shida imekwisha. Kiangazi kilipofika, tangi likawa halitoshi. Kamati ya maji ikapanga zamu. Watu wakagombania zamu. Shangazi, kwa mapenzi yake, akasimama mkutanoni akasema ana mtoto wa kaka yake Masasi, mtaalamu.

Programu niliyowatengenezea mwanzoni ilikuwa fupi kama salamu. Mtunza tangi anaandika kina cha maji, programu inapiga hesabu yatatosha nyumba ngapi, inafuata mpango wa nyumba, inatuma meseji: kesho ni zamu yako. Wale ambao maji hayakuwafikia wanaanza mzunguko unaofuata. Ndiyo hivyo tu. Nilikuwa naweza kuisoma yote bila kushusha ukurasa, na ningekufa siku ile, mtu mwingine angeielewa kabla chai haijapoa.

Halafu zikaja busara.

Sitaki kuwasema vibaya wanakamati, kwa sababu kila busara, ukiichukua peke yake, ilikuwa na maana. Nyumba yenye msiba ipewe zamu mara moja. Nani atapinga? Isipokuwa msiba ukiwa umepita arobaini. Nyumba inayotoa mwali ipate maji ya wageni. Isipokuwa kama wanawali ni wawili nyumba moja, hapo wahesabiwe ngoma moja. Msikiti upate Alhamisi. Kanisa lipate Jumamosi. Isipokuwa mwezi wa Ramadhani. Isipokuwa Krismasi ikiangukia siku ya msikiti. Kila mkutano ulizaa "isipokuwa" yake, na mimi, mtaalamu, nilirudi Masasi nikaichomeka. Sikuwahi kukataa. Ningekataaje? Wale ni wazee wangu kwa heshima, na mimi ni mtu wa kidato cha pili kasoro.

Ikawa kama nyumba ya udongo inayoongezwa. Unatoa kibaraza, kibaraza unakizungushia ukuta kinakuwa chumba, chumba unakitobolea mlango wa kwenda chumba kingine, mpaka mgeni akitaka kwenda chooni inabidi apite jikoni na chumbani kwa mama mkwe. "Kama" ndani ya "kama" ndani ya "kama". Mistari ilisogea kulia hadi ikatoka nje ya kioo. Mwezi wa Agosti niligusa sharti moja tu la msiba, nyumba moja ya Kitangari ikitaka marekebisho, na wiki ile msikiti ukapata zamu tatu mfululizo na kanisa halikupata hata kikombe. Nikarekebisha. Wiki iliyofuata kanisa likapata zote. Nikasifiwa kwa kutopendelea.

Baada ya hapo nikawa siigusi. Naizunguka kwa mbali tu, kama mbwa mkali wa jirani.

Ndipo shangazi akaanza kupiga simu.

"Mwanangu, mbona meseji yangu haiji?"

"Shikamoo shangazi. Mtandao."

"Marahaba. Mtandao wa nani? Jirani yangu amepata."

Nikambadilishia laini. Kisimu chake cha kitochi nikakifungua, nikakisafisha, nikakipa betri mpya. Meseji za mitandao ya simu za kumtangazia vifurushi zilimfikia zote, bila kukosa hata moja. Ya maji, hakuna. Masika zilikuwa zikimfikia vizuri, alisema. Tangu Septemba ndiyo kimya. Majirani walikuwa wanamgawia dumu moja moja, na yeye si mtu wa kugawiwa. Siku majirani nao walipokuwa na shida, alishuka mwenyewe bondeni chemchemini kama walivyofanya watu wa zamani, na goti lake lile bovu. Akarudi na nusu ndoo.

Wiki mbili zilizopita alinipigia tena, na safari hii hakulalamika. Hilo ndilo lililoniogopesha.

"Jumamosi ya mzunguko ujao nisipopata zamu, nafunga nyumba nashuka Chiungutwa. Nimeshamwambia mdogo wangu anifagilie chumba. Korosho nitaziokotesha kwa mtu."

"Shangazi, subiri kwanza."

"Nimesubiri. Kwetu walisema nitakufa kiu. Sitaki kuwapa ushahidi."

Nikakaa mbele ya kompyuta. Mzunguko huo ulikuwa unaisha leo, Jumamosi. Ndani ya ile programu, mahali fulani, palikuwa na kitu kinachomruka shangazi yangu, na mimi niliyeiandika kwa vidole vyangu sikuwa na habari kiko wapi. Nilitafuta kwa macho mpaka macho yakakataa. Nikauliza kwenye kundi la watengeneza programu, nikajibiwa upesi na mtu mkarimu: futa yote, andika upya. Ushauri mzuri. Ni kama kumwambia mtu mwenye panya achome nyumba. Kwa haki, hakujua nina wiki mbili.

Mwingine akanielekeza kwenye kifaa cha kupima. Hakina gharama. Unakipa programu yako, kinahesabu njia panda: kila "kama" ni mahali ambapo mtu anaweza kwenda kushoto au kulia, na kadiri zinavyokuwa nyingi ndivyo zilivyo nyingi njia za kupotelea. Kikimaliza kinakupa namba kwa kila kipande. Nikakiendesha. Kipande changu kikubwa, kile kinachopanga zamu, kikatoa sitini na tatu.

Nikafurahi. Naandika ukweli. Nilidhani ni maksi.

"Nimepata sitini na tatu," nikamwambia mume wangu.

"Hongera. Shuleni hukuwahi kufika huko."

Alinipa mkono kabisa. Ndipo nikasoma maelezo ya chini: kipande kimoja kisizidi kumi. Kikizidi, anza kuwa na wasiwasi. Kikifika hamsini, walisema, hakipimiki wala hakirekebishiki kwa usalama. Nikamrudishia mume wangu hongera yake.

Kipimo ni kitu kizuri. Kinakuambia ulichokuwa unakijua, ila kwa namba, ili usiweze tena kujifanya hukijui.

Kazi niliyoifanya siku zilizofuata sina hakika kama niliifanya inavyofanywa na wenye shule. Nilianza kwa kuogopa. Nikatoa meseji zote za nyuma ambazo programu ilikuwa imetuma, za masika na za kiangazi, nikaziweka pembeni: hizi ndizo mashahidi wangu. Kila nitakapogusa kitu, programu mpya ipewe siku zilezile na maji yaleyale, na itoe majina yaleyale kwa mpango uleule. Likipishana jina moja, narudisha nilichogusa. Nilikuwa nimechoka kusifiwa kwa kutopendelea.

Kisha nikaanza kubomoa vibaraza. Mambo ya msiba nikayatoa nikayapa chumba chao chenye mlango wao na jina mlangoni. Mambo ya ngoma, hivyohivyo. Siku za msikiti na kanisa, zilizokuwa "kama" zimepandana kama watoto kwenye kitanda kimoja, nikazigeuza jedwali dogo: siku hii, nyumba hii. Mahali ambapo nyumba ilikuwa imeshajibiwa lakini inaburuzwa kupitia masharti yote yaliyobaki, nikaifungulia mlango iondoke mapema. Kila jioni napima. Sitini na tatu ikawa arobaini. Arobaini ikawa ishirini na kitu. Mteja akija kutoa fotokopi namwambia mashine mbovu, hata siku iliyokuwa nzima, Mungu anisamehe, na fotokopi.

Mwisho kipande kikubwa kuliko vyote kikawa saba. Mashahidi wote walikubaliana: jina kwa jina, mpango uleule. Nilipika chai ya maziwa ya kujipongeza, nikampigia shangazi kumwambia mambo yametengemaa.

Jumatano ikatoka zamu ya majaribio. Shangazi hakuwemo.

Hapo ndipo nilipoielewa akili yangu. Nilihangaika kuhakikisha programu mpya inafanya sawasawa na ya zamani, bila kupishana hata jina. Na ikafanya sawasawa. Ya zamani ilikuwa inamruka shangazi, na mpya ikamruka kwa uaminifu mkubwa zaidi. Nilikuwa nimefagia nyumba, nimepanga viti, na nyoka nimempa kiti chake.

Lakini, na hili nalisema kwa haki ya ile kazi, nyoka sasa alikuwa amekaa kwenye kiti. Nilisoma vyumba kimoja kimoja, na kimoja kilikuwa kidogo kuliko vyote, mistari mitatu. Nilikuwa nimekitoa gizani bila hata kukitazama usoni, nikakipa jina kulingana na kinachofanya: watani waende mwisho.

Nikakumbuka. Mkutano wa kwanza kabisa, bomba likiwa jipya. Katibu wa kamati, jirani wa shangazi ukuta kwa ukuta na mtani wake mkubwa, alisimama akasema, "Na hawa watani wetu wachote mwisho, si walituambia kwao kuna mito!" Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akafuta machozi. Shangazi akamrushia kandambili. Mwenyekiti akagonga meza: "Imepita!" Na mimi kwenye kona, mgeni mwenye kompyuta, ninayetaka kuonekana makini, nikaandika. Orodha ya nyumba ilikuwa na alama ya watani tayari, kwa sababu penye msiba wao ndio huitwa kwanza. Ikawa rahisi sana.

Wakati ule nyumba za watani zilikuwa kadhaa, na maji ya masika yalimfikia hata wa mwisho. Baadaye hizo nyumba nyingine za watani zikapata tangi la upande wao, akabaki shangazi peke yake. Kiangazi tangi linaisha kabla ya wa mwisho. Mzunguko unaanza upya, programu inawapanga tena, na mtani anakwenda mwisho tena. Shangazi yangu alikuwa anakosa maji kwa sababu ya kichekesho ambacho hata aliyekisema amekisahau, na katika kijiji kizima kiumbe pekee aliyekichukulia kwa uzito alikuwa kompyuta. Na mimi.

Ningeweza kufuta ile mistari mitatu palepale kibandani. Niliifikiria. Lakini ni kamati iliyopitisha, na nikianza kufuta ninavyopenda mimi, kesho nitakuwa naamua nani anywe maji. Basi Alhamisi nikapanda Kitangari.

Kikao kilikuwa kwenye ghala dogo la korosho, tumekaa juu ya magunia, harufu ya mabibo yaliyochacha ikiingia dirishani. Nikaamkia wote, nikaeleza. Nilieleza vibaya, nadhani, maana nilianza na sitini na tatu na mwenyekiti akanipongeza.

Katibu alipoelewa alipiga kofi pajani. "Mtani! Kumbe hata mashine inakujua!"

"Imekusikiliza wewe," shangazi akasema, "ndiyo maana ikapungukiwa akili."

Watu wakacheka. Katibu akacheka kuliko wote, kisha nikaona uso wake unapiga hesabu. Septemba. Oktoba. Lile dumu ambalo mke wake alikuwa anavusha ukutani.

"Yaani siku ile uliyoshuka bondeni..." akasema.

"Nilikuwa nafanya mazoezi."

"Mimi nilikuwa natania, dada yangu."

"Najua ulitania. Nilikurushia kandambili, si ndiyo risiti?"

Mwenyekiti akagonga gunia, vumbi likaruka. Alikuwa na suluhisho, na suluhisho lake lilikuwa lepesi. "Mama Pacha," akaniambia, "ongeza kamstari kamoja tu. Watani mwisho, isipokuwa mama huyu."

Magunia yote yakaitikia. Vizuri! Kamstari kamoja! Mzee mmoja akasema tuongeze na wajane wote, isipokuwa wenye watoto Dar es Salaam. Mwingine akauliza je, mtoto akiwa Dar lakini hana kazi? Nikaona vibaraza vinajengwa mbele ya macho yangu.

Maisha yangu yote sijawahi kumkatalia mwenyekiti yeyote.

"Shikamoo mwenyekiti," nikasema.

"Marahaba. Si tumeshaamkiana?"

"Naomba kukataa."

Nikaendelea haraka kabla ujasiri haujatoka. Nikasema, shangazi yangu hakukosa maji kwa sababu sheria zilikuwa pungufu. Alikosa kwa sababu zilikuwa nyingi, na moja ya kipuuzi ikajificha katikati ya zenye maana, na hakuna aliyeiona, hata mimi. Nikiongeza nyingine juu yake, ile ya kipuuzi itabaki chini, inangoja mtani mwingine. Ifutwe. Isipofutwa, tafuteni mtu mwingine wa kuichomeka, na nitamwonyesha kila chumba bila kinyongo.

"Kufuta," mwenyekiti akasema polepole, "ni kulifuta neno la katibu. Kikao hiki hakijawahi kufuta neno la mtu."

Na hapo alisema kweli kabisa. Ndiyo maana tulifika sitini na tatu.

Shangazi ndiye aliyejua la kufanya, maana hilo halikuwa jambo la kompyuta. Akageuka kwa katibu.

"Mtani, umenitania ukapitiliza. Faini."

"Faini gani?"

"Kuku. Tena yule jogoo anayeniamsha. Ukilipa faini, utani umekwisha, na neno umelila mwenyewe. Hapo hakuna aliyekufutia."

Katibu akainua mikono. "Jogoo wangu yule ni kama mwanangu!"

"Nitampa mazishi mema. Kwenye nazi."

Wakacheka tena, na kwenye kicheko kilekile mwenyekiti akagonga gunia: imepita. Nikafungua kompyuta palepale nikafuta ile mistari mitatu mbele yao, wakaja kuchungulia. Nikapima. Kwa mujibu wa kifaa, programu yangu ilikuwa imepungua njia panda moja. Moja tu, baada ya zile hamsini na kitu nilizozipunguza kwa jasho, na ndiyo pekee iliyokuwa na faida kwa mtu. Sijui hilo linanifundisha nini. Labda kwamba bila zile nyingine nisingeiona. Labda najifariji.

Ijumaa sikufungua kibanda vizuri. Siku unayongoja simu, mashine ya fotokopi nayo hujua.

Leo, wingu lile lilipokwisha kutudanganya, simu ikaita. Shangazi. Hakusalimu wala hakungoja kusalimiwa.

"Sikia," akasema, kisha akakiweka kitochi mahali. Nikasikia maji yanaingia kwenye pipa. Alikiacha pale muda mrefu, salio lake likiteketea, na mimi sikumkatia simu.

Aliporudi nikamuuliza kuhusu Chiungutwa.

"Chiungutwa kufanya nini? Mdogo wangu akatandike chumba chake mwenyewe. Nina jogoo wa kunyonyoa, niache."

Sasa niandike na upande wa pili, nisije nikajiona. Maji hayakuongezeka hata tone. Shangazi alipoingia kwenye mpango mahali pake, nyumba moja ikatoka mwishoni, ikaenda kungoja mzunguko ujao. Jioni hii mwenyekiti amenipigia. Aliulizia watoto, akaulizia mume, akaulizia hali ya hewa ya Masasi. Kisha akasema kwamba nyumba iliyotoka ni ya kwake.

"Pole sana, mwenyekiti. Mzunguko ujao wewe ndiye wa kwanza. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Ni kweli, ni kweli. Nilikuwa nauliza tu, Mama Pacha. Hakuna kamstari?"

Nikamwambia alete kikaoni. Akacheka, akaniaga kwa heshima zote.

Jogoo wa faini ameliwa Kitangari, kwenye nazi. Sisi hapa tumekula ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga, mume wangu ndiye aliyepika kwa sababu mimi nilikuwa naandika, na chumvi ilizidi. Pacha wangu wameimaliza sufuria hivyohivyo.